Vyeti vya siku 47: tunagombania namba isiyo yenyewe

Tangu CA/Browser Forum, jukwaa la watoa vyeti na watengeneza brauza, ipitishe ile hoja ya kupunguza umri wa vyeti vya TLS (vile vinavyoithibitisha tovuti ya https) mpaka siku 47, kila kundi la maadmini unaloingia mjadala ni ule ule, siku 47, siku 47, siku 47. Mmoja anasema ni ulaji wa kampuni za vyeti, mwingine anasema hao waliopeleka hoja hawajawahi kukaa zamu ya usiku ndo maana wanatubebesha mizigo, wa tatu anawajibu wote kwa mkato kwamba wekeni Certbot (programu inayobadilisha vyeti yenyewe) mlale. Wote watatu wameng'ang'ania namba moja na mimi naona siyo hiyo ya kuangalia. Ndani ya hoja ile ile kuna namba nyingine ndogo zaidi, 10, ambayo ni idadi ya siku ambazo uthibitisho wa umiliki wa domeini utaruhusiwa kutumika tena kuanzia Machi 2029, na hiyo ndo inayobadilisha kazi yetu kabisa. Siku 47 zinaongeza tu mara za kufanya kazi ile ile. Siku 10 zinamtoa binadamu kwenye kazi, halafu mamlaka aliyokuwa nayo yanahamia kwenye DNS, daftari la majina ya domeini, sehemu ambayo kwenye taasisi nyingi inalindwa na pasiwedi moja ya akaunti iliyofunguliwa na mtu aliyeshaacha kazi zamani.

Tuanze na ratiba maana hata hiyo watu wanaichanganya. Hoja inaitwa SC-081v3, aliyeipeleka ni Apple, ikapita Aprili 2025 kwa kura 25 za kampuni za vyeti, 5 zikajizuia na hakuna hata moja iliyopinga, na upande wa brauza wote wanne yaani Apple, Google, Microsoft na Mozilla wakasema ndiyo. Kikomo cha zamani kilikuwa siku 398. Cheti kinachotolewa kuanzia 15 Machi 2026 mwisho ni siku 200, kuanzia 15 Machi 2027 mwisho siku 100, kuanzia 15 Machi 2029 ndo tunafika 47. Cheti kilichotolewa kabla ya tarehe husika kinamaliza siku zake kawaida, hakikatwi katikati. Sambamba na hapo muda wa kutumia tena uthibitisho wa domeini nao unashuka, kutoka 398 kwenda 200, kwenda 100, halafu unadondoka mpaka 10. Na 47 haijaokotwa tu, ni mwezi mrefu wa siku 31, jumlisha nusu mwezi siku 15, jumlisha siku moja ya akiba, maana yake wamekusudia ubadilishe kila mwezi na ubaki na kama wiki mbili za kuhangaika kitu kikigoma.

Kingine, sheria hii ni ya vyeti vya umma peke yake, vile ambavyo brauza ya mtu yeyote inaviamini bila kuguswa. CA (mtoa vyeti) yako ya ndani, ile ya Active Directory au uliyoitengeneza mwenyewe na OpenSSL kwa ajili ya printa na dashibodi za ofisini, haihusiki (japo vifaa vya Apple tangu 2019 vina kikomo chao cha siku 825 hata kwa CA binafsi). Nimeshaona mpango kazi mzima umeandikwa wa kubadilisha vyeti vya databesi ambazo hazijawahi kuongea na brauza ya mtu wa nje hata siku moja, watu wameogopeshwa na kichwa cha habari hawakusoma chini.

Sasa kwa nini tumefika hapa. Safari hii siyo mpya, mwaka 2012 kanuni za msingi zilikuwa zinaruhusu cheti cha miezi 60, Aprili 2015 ikawa 39, Machi 2018 ikawa siku 825, Septemba 2020 ikawa 398. Kila hatua ilikuwa na kelele zake na chanzo kikubwa kimojawapo kilikuwa kile kile: njia ya kufuta cheti kabla ya muda wake haifanyi kazi. Kwenye makaratasi ipo, ufunguo wa siri ukivuja unamwambia mtoa cheti, anakiweka kwenye orodha ya vilivyofutwa au anajibu kwa OCSP (huduma ya kuulizia hali ya cheti mtandaoni) kwamba hiki kimekufa, brauza inauliza, inakataa, mambo yameisha. Kiuhalisia brauza ikiuliza na isipojibiwa ilikuwa inaendelea tu kama hamna kitu, kwa sababu ikikataa kila seva ya OCSP inapochelewa basi nusu ya intaneti haifunguki. Na mtu aliyekaa katikati ya mawasiliano yako akiwa na cheti kilichoibiwa ndiye huyo huyo anayeweza kuzuia hilo jibu lisifike. Adam Langley wa Google aliandika mwaka 2012 kwamba ukaguzi wa namna hiyo ni sawa na mkanda wa gari unaokatika pale gari linapogonga, na Chrome wakaacha kuuliza mtandaoni wakahamia kwenye orodha fupi wanayoisambaza wenyewe. Ikaja Heartbleed, kasoro ya OpenSSL iliyoweza kuvujisha funguo, Aprili 2014, dunia nzima ikatakiwa ifute vyeti kwa mpigo, orodha ya vilivyofutwa ya mtoa vyeti GlobalSign peke yake ikavimba kutoka kilobaiti 22 mpaka karibu megabaiti 5. Hebu fikiria kila simu inashusha faili hilo kabla ya kufungua ukurasa mmoja. Mwisho wa siku Let's Encrypt, mtoa vyeti wa bure, wamezima kabisa seva zao za OCSP mnamo 6 Agosti 2025, na CA/Browser Forum yenyewe ilishaifanya OCSP kuwa hiari. Kwa hiyo kama huwezi kukifuta cheti kwa uhakika, kinachobaki ni kukiacha kife chenyewe mapema.

Kuna anayejibu kwamba basi rekebisheni ufutaji badala ya kututesa sisi, na mfano anao, Mozilla wametengeneza CRLite na Firefox ya kompyuta tangu 2025 inabeba orodha yote ya vyeti vilivyofutwa ikiwa imebanwa, inakagua humo humo ndani bila kuuliza mtu. Ni kazi nzuri sana ya kihandisi na naikubali. Lakini Firefox ni brauza moja, na trafiki nyingi kwenye seva zetu siku hizi haitoki hata kwenye brauza, inatoka kwenye programu za simu, skripti za curl, seva kwa seva, vifaa vya malipo, kamera. Vingi kati ya hivyo havikagui ufutaji wowote na havitakuja kukagua. Ila tarehe ya mwisho ya cheti karibu vyote vinaiangalia. Hiyo ndo sababu nzima ya kuitumia tarehe kama silaha, ni kitu pekee ambacho wateja wa kila aina wanakiheshimu.

Turudi kwenye hoja ya ulaji, maana ndo inayopendwa na ndo dhaifu kuliko zote. Kwanza mwaka 2019 kulikuwa na kura ya kupunguza umri kwenda siku 398 na walioiangusha ni kampuni za vyeti zenyewe, ilibidi Apple Februari 2020 waseme sisi kwenye vifaa vyetu tutakataa vinavyozidi hapo, mpende msipende, na wengine wakafuata. Mtu anayetaka kula hapigi kura ya kukataa chakula. Pili wengi wanaouza vyeti wanauza kwa mwaka, unalipia domeini mwaka mzima na unatoa upya mara utakavyo, bei haizidishwi kwa nane eti kwa sababu unabadilisha mara nane. Tatu Let's Encrypt ipo tangu 2015 na haitozi kitu, imekuwa ya siku 90 tangu siku ya kwanza, na wao wenyewe wameshatangaza wanashuka mpaka 45 mwaka 2028. Kama kuna anayekula hapa basi ni wauzaji wa programu za kusimamia vyeti, wale wanaokupigia simu na grafu nyekundu, hao ndiyo wamepata msimu wao na siwatetei. Lakini kuuza mwavuli siyo kuleta mvua.

Hoja nzito ziko mbili na hizi zinastahili heshima. Ya kwanza inasema mdukuzi aliyeiba ufunguo wako hahitaji mwaka, anahitaji masaa, kwa hiyo siku 47 au 398 kwake ni mamoja. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Mtu aliyeingia kwenye seva yako akachukua ufunguo leo atautumia leo, na kama bado yumo ndani atauchukua na unaofuata, cheti kifupi hakimfukuzi mtu. Wanaouza siku 47 kama kinga dhidi ya wizi wa funguo wanazidisha chumvi. Lakini kuna makosa mengine ambayo yanaishi kwa urefu wa cheti na hayo watu wanayasahau. Domeini ikibadilisha mmiliki, mmiliki wa zamani anabaki na cheti halali mpaka kiishe, watafiti wawili walionesha hili kwenye mkutano wa usalama wa DEF CON 2018 na mfano wao mmoja ulikuwa stripe.com, Stripe waliinunua 2010 wakati mtu wa zamani alikuwa na cheti chake kinachoendelea mpaka 2011. Na hapa tayari unaona, tatizo la hapo siyo umri wa ufunguo, tatizo ni uthibitisho uliopitwa na wakati. Mtu alithibitishwa kuwa mwenye domeini siku moja, na mfumo ukaendelea kumwamini mwaka mzima baada ya domeini kwenda kwa mwingine. Siku 10 zimelenga hapo hapo.

Kuna pia tukio ambalo kwangu ndo linaeleza kila kitu, ajabu halitajwi sana kwenye huu mjadala. Mwishoni mwa Julai 2024 DigiCert, mtoa vyeti mkubwa, waligundua kwamba kwenye njia yao mojawapo ya kuthibitisha domeini kwa rekodi ya CNAME (rekodi ya DNS inayoelekeza jina moja kwenda jingine), mfumo ulikuwa hauweki alama ya mstari wa chini mbele ya ile namba ya nasibu, na kosa lilikuwepo tangu Agosti 2019. Alama moja. Hakuna aliyedukuliwa, hakuna cheti cha uongo kilichoonekana, ila kanuni zinasema uthibitisho ukiwa na kasoro ya namna hiyo cheti kinafutwa ndani ya masaa 24, basi. Vyeti 83,267, wateja 6,807. Waliokuwa na mfumo wa otomatiki walibadilisha wakaendelea na mambo yao. Wengine wakaanza kuomba huruma, kuna vyeti vilivyokaa kwenye mifumo nyeti ambayo hairuhusu kugusa kitu bila dirisha la matengenezo, mteja mmoja akaenda mpaka mahakamani Marekani akapata zuio la muda, na ufutaji wa baadhi ukasogezwa mpaka 3 Agosti. Miaka minne kabla, Let's Encrypt walikuwa na lao, kasoro ya kukagua rekodi za CAA (zinazotaja nani anaruhusiwa kutoa cheti cha domeini), vyeti zaidi ya milioni 3 vikatakiwa vife Machi 2020, na zaidi ya milioni moja wakashindwa kuvifuta kwa wakati kwa kuogopa kuangusha tovuti za watu. Sasa jiulize kwenye taasisi yako, leo saa nane mchana ikija imeili kwamba vyeti vyako vyote vinafutwa kesho saa nane mchana, mnaweza? Mnajua hata viko vingapi? Kama jibu ni hapana basi tatizo lilikuwepo kabla ya siku 47, na lingekuwepo hata kama cheti kingeendelea kuishi miaka mitano.

Hoja nzito ya pili ni kwamba ukibadilisha mara nyingi unaharibu mara nyingi. Anayesema hivi kwa kawaida ni mtu aliyefanya kazi, siyo mtu wa vitini, na namwelewa. Hesabu yake ni rahisi, vyeti 100 kwa mkono ni kazi 100 kwa mwaka, ukibadilisha kila mwezi ni 1,200, na kila moja ina nafasi yake ya kukosea. Ila ukiangalia zile ajali kubwa zinazojulikana za vyeti kuisha muda, nyingi zimetokana na vyeti vilivyokaa muda mrefu mpaka vikasahaulika. Tarehe 6 Desemba 2018 cheti kilichokuwa ndani ya programu ya vifaa vya Ericsson kiliisha muda, O2 ya Uingereza yenye wateja zaidi ya milioni 32 ikapoteza data kutwa nzima, na SoftBank ya Japani nayo ikaanguka. Equifax, kampuni ya Marekani ya taarifa za mikopo, mwaka 2017 walikuwa na kifaa cha kukagua trafiki iliyosimbwa, cheti chake kikaisha na kikakaa hivyo hivyo miezi na miezi, kifaa kikawa kinapitisha bila kuona, wadukuzi wakachota taarifa za watu wanaokaribia milioni 150 kwa siku 76, na walipoweka cheti kipya tu ndo wakaona trafiki ya ajabu inatoka. Hivyo vyeti viwili vyote siyo vya tovuti ya mbele, SC-081v3 isingevigusa, kwa hiyo sivitumii kama ushahidi kwamba hoja ni nzuri. Navitumia kuonesha kwamba kitu unachokifanya mara moja kwa miaka kadhaa ndo hicho mtu anayekijua huwa ameshaondoka siku kinapohitajika.

Hata hivyo wale wa "weka Certbot ulale" nao wanadanganya. Otomatiki ina namna yake ya kufeli na ni ya kimya kimya. Chukua hii ya kawaida kabisa: Certbot imeamka usiku, imebadilisha cheti, faili jipya limekaa vizuri kwenye /etc/letsencrypt/live, logi inasema imefanikiwa, mfumo wa ufuatiliaji unasoma tarehe kwenye faili na kuonesha kijani. Lakini nginx, seva ya wavuti yenyewe, inashikilia cheti cha zamani kwenye memori tangu ilipowashwa na hakuna aliyeweka deploy-hook ya kuirilodi. Siku zinakatika, faili lina mwezi mbele yake, wateja wanaanza kupiga simu kwamba wanaona onyo jekundu, na admini anakagua faili anasema mbona kizima. Au seva ziko mbili nyuma ya lodi balansa (kigawa trafiki), moja imerilodi moja haijarilodi, mtu akifungua inakubali, akirudia inakataa, mnaishia kumlaumu mtoa intaneti. Dawa ni ufuatiliaji ugonge mlangoni kama anavyogonga mteja, openssl s_client kwa kila IP, port 443, na jina sahihi kwenye -servername, usome tarehe inayorudi kwenye waya na siyo iliyopo kwenye diski. Na programu za simu ambazo waendelezaji walipini cheti chenyewe ndani ya kodi (programu inakubali cheti hicho kimoja tu), hizo zitakufa kila mwezi mpaka mtu aitoe hiyo pini, afadhali liongelewe sasa hivi kuliko siku ya tukio.

Sasa tuingie kwenye siku 10 zenyewe. Kabla ya Machi 2026 kwenye taasisi nyingi utaratibu ulikuwa hivi, mtu ana akaunti kwa mtoa cheti, domeini ilithibitishwa mwanzoni mwa mwaka, na kwa mwaka mzima akitaka cheti anaingia, anabandika ombi lake, anashusha faili, hathibitishi tena chochote. Yule anayesema "mimi nitafanya kwa mkono kila mwezi, siyo mbaya" anafikiria huo utaratibu mara kumi na mbili. Hautakuwepo. Kati ya mwezi na mwezi zile siku 10 zitakuwa zimeshaisha, kwa hiyo kila cheti kitadai domeini ithibitishwe upya, kila domeini, kila mara, na ile njia ya kutumiwa imeili kwa anwani iliyoko kwenye WHOIS (daftari la wamiliki wa domeini) ilishapigwa marufuku tangu Julai 2025 baada ya watafiti wa watchTowr kununua kwa dola 20 domeini iliyoachwa ya seva ya zamani ya WHOIS ya .mobi na kugundua kwamba watoa vyeti bado wanaiuliza. Kinachobaki kwa vitendo ni mashine kuongea na mashine kwa ACME, itifaki iliyopo kama RFC 8555 tangu 2019, ama kwa kuweka faili kwenye seva ya wavuti ama kwa kuandika rekodi ya TXT kwenye DNS. Njia ya faili inahitaji seva ifikike kutoka nje na haitoi cheti cha wildcard (kinachofunika majina yote chini ya domeini). Kwa hiyo seva zote zilizofichwa nyuma ya faiawoli, vifaa vya VPN, na kila wildcard, njia yao ni DNS.

Na ili skripti iandike rekodi kwenye DNS inahitaji tokeni, yaani pasiwedi ya programu. Hapa ndo ninapoona hatari ambayo haiongelewi. Watoa huduma wengi wa DNS tokeni yao inafungua zoni nzima, yaani rekodi zote za domeini, siyo rekodi moja, kwa hiyo seva ndogo ya majaribio iliyowekwa tokeni ili ijipatie cheti chake sasa ina uwezo wa kubadilisha rekodi za MX za imeili ya taasisi nzima, na kujichukulia cheti cha jina lolote lililo kwenye zoni hiyo. Zamani aliyeiba faili kwenye hiyo seva alipata ufunguo wa jina moja. Sasa anapata uwezo wa kutengeneza majina. Na hili siyo la kufikirika, kampeni zilizopewa majina DNSpionage na Sea Turtle, 2018 na 2019, zilifanya hivyo hivyo: wadukuzi waliingia kwenye akaunti za DNS na za wasajili, wakageuza rekodi kwa muda mfupi, wakajipatia vyeti halali kabisa, wakakaa katikati wanasoma pasiwedi. Serikali ya Marekani Januari 2019 ilitoa agizo la dharura namba 19-01 kwa taasisi zake, kagueni rekodi zenu za DNS, badilisheni pasiwedi, wekeni uthibitisho wa hatua mbili, fuatilieni logi za vyeti, yote ndani ya siku 10 za kazi. Agizo hilo ukilisoma leo linafaa neno kwa neno kama maandalizi ya 2029, na kuna taasisi ngapi ambazo ukiuliza nani ana akaunti ya msajili wa domeini wanaanza kuangaliana.

Dawa zipo na hazihitaji bajeti kubwa. Ile rekodi ya uthibitisho, _acme-challenge, unaielekeza kwa CNAME kwenda kwenye zoni nyingine ndogo isiyo na kitu kingine, tokeni ya seva inafungua zoni hiyo tu, ikiibiwa mwizi hagusi MX wala wavuti. Anaweza kujitolea cheti cha jina hilo na wildcard yake, basi. Rekodi ya CAA unaiandika kwa kumtaja mtoa cheti unayemtumia, na RFC 8657 inakuruhusu kutaja mpaka namba ya akaunti yako ya ACME, ili mtu mwingine hata akienda kwa mtoa cheti huyo huyo akataliwe. Kuna pia njia mpya iliyopitishwa na CA/Browser Forum ya kuweka rekodi moja ya TXT ya kudumu iliyofungwa kwenye akaunti yako, huandiki kila mara, kwa hiyo seva haihitaji tokeni ya DNS kabisa. Naipenda kwa hilo, ingawa inamaanisha ufunguo wa akaunti ya ACME ndo unakuwa kila kitu na utalindwa hivyo. Kwa wenye DNSSEC (saini za kulinda rekodi za DNS), kuanzia 15 Machi 2026 watoa vyeti wanatakiwa kuikagua wanapothibitisha, kwa hiyo kama saini zenu zimevunjika na hakuna aliyeona kwa sababu rizolva yenu (seva inayowatafutia majina) haikagui, cheti ndicho kitakachowaambia. Na kujua mna nini, anzeni na tovuti ya crt.sh, Chrome tangu Aprili 2018 inataka kila cheti cha umma kiandikwe kwenye logi za wazi, andikeni domeini yenu mtakuta vyeti vilivyochukuliwa na idara ambazo hata hamkujua zina seva.

Lipo moja ambalo sioni jibu zuri, nalo ni utegemezi. Seva zote zikimtegemea mtoa cheti mmoja kila mwezi, siku akianguka yeye au akiondolewa kwenye orodha ya kuaminika kama Entrust walivyoondolewa na Chrome mwaka 2024, muda wa kujigeuza ni zile wiki mbili za akiba. Unaweza kuweka akaunti ya pili ya ACME kwa mtoa mwingine, seva ya wavuti ya Caddy inafanya hivyo yenyewe ukishaipa imeili yako, na ARI, nyongeza ya ACME iliyo kwenye RFC 9773, inamwezesha mtoa cheti kuiambia programu yako ibadilishe mapema kabla hajafuta, ile ya DigiCert ya 2024 ingekuwa nyepesi sana kwa wenye hiyo kitu. Lakini watoa vyeti wenye ACME ya bure na inayobeba mzigo mkubwa wako wachache, na hilo haliondoki kwa kuandika mistari miwili kwenye konfigi.

Kwa mwenye taasisi, kazi ya haraka kuliko zote haiko hata kwenye seva za Linux, hizo zitapona wikiendi moja. Iko kwenye maboksi: lodi balansa za zamani, vifaa vya VPN, mashine za mikutano ya video, vidhibiti vya wifi vyenye ukurasa wa wageni, vyote ambavyo njia pekee ya kuweka cheti ni kulogini, kubonyeza "pakia", na kuristati. Na kila cheti kinachopita mikononi hivyo ufunguo wake umepita kwenye folda ya Downloads ya mtu, kwenye imeili, kwenye flashi. Februari 2018 mkuu wa kampuni moja ya kuuza vyeti, Trustico, aliwatumia DigiCert kwa imeili funguo za siri 23,000 za wateja wake, ndipo watu wakajua kwamba alikuwa nazo. Boksi lililopo unaweza kulificha nyuma ya proksi inayojua ACME, au ukalihamishia kwenye CA ya ndani kama watumiaji wake ni wafanyakazi tu. Lakini boksi jipya linalonunuliwa mwaka huu kwa mkataba wa miaka mitano litakuwa bado kwenye raki Machi 2029, na kwenye nyaraka nyingi za zabuni nilizoziona kuna kurasa za idadi ya port na rangi ya taa, hamna mstari unaouliza kama linajua ACME, kama linakubali cheti kupitia API, na kama likipokea cheti kipya linaendelea kuhudumia au linakata miunganisho yote. Mistari mitatu, na wakati wa kuiandika ni kabla ya kusaini, maana baada ya hapo venda atakujibu kwamba hicho kipengele kipo kwenye toleo linalofuata.